Mlango Mpya wa Mama Soli

Saa nne asubuhi, Mama Soli anapaka gundi kwenye soli mbili, moja nyembamba na nyingine nene kama tofali. Anaziegemeza dirishani, anafuta vidole kwenye aproni, kisha anaivuta kompyuta yake kuukuu na kufungua tovuti yake.

"Gundi haitaki pupa," ananiambia. "Ukiunganisha ikiwa mbichi, kiatu kitakuja kukuaibisha njiani. Basi huo muda wa kungoja ndio niliojengea tovuti."

Mama huyu anatengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Kwa miaka mingi alikuwa na chumba mwisho wa korido ya hospitali. Chumba kikahitajika, akaambiwa ahame. Akahamia kibanda cha uani kwake, akaacha karatasi mlangoni ya kueleza alikokwenda. Wapaka rangi wakaibandua.

Wateja wakawa wanafika, wanakuta kufuli, wanageuza. Siku moja sokoni alikutana na mfagizi wa hospitali, naye mfagizi akamsimulia kuhusu mama aliyetoka mbali na binti yake wa darasa la kwanza. Wakati ule mfagizi hakujua fundi kahamia wapi. Mtoto akarudi na kiatu chake kilekile kilichosokomezwa vitambaa.

"Nililia, sikufichi. Mikono ninayo, ngozi ninayo, halafu mtoto anachechemea kwa sababu ya mlango!"

Watu walimliwaza kwamba chema chajiuza. "Kinajiuza kwa anayekiona," akawajibu, na hapo ukali wake unaonekana.

Mdogo wake, karani wa ofisi, ndiye aliyemshauri kuwa na tovuti. Kwanza walijaribu huduma ya mtandaoni yenye kurasa zilizopambwa tayari. Nzuri kweli, lakini usipolipa mwezi, inafungwa. "Halafu mapicha yanachezacheza, bando la mteja linakata kabla hajaona namba yangu. Mimi kisu nataka kiwe changu. Cha kuazima, mwenyewe atakitaka siku nina kazi."

Akachagua vichache: programu ya kawaida ya kuandikia iliyokuja na kompyuta, programu ya bure ya kupandisha mafaili mtandaoni, na nafasi ndogo isiyolipiwa kwenye seva, kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti. Akaandika ukurasa mmoja tu, wenye namba yake ya simu, maelekezo, picha za viatu na picha ya mlango wake wa buluu.

Siku ya kupandisha, akampigia mdogo wake kwa mbwembwe. "Fungua uone mambo!"

"Dada, maneno nayaona. Picha hakuna, ni visanduku vitupu."

"Acha utani wewe! Mbona mimi naziona?"

Aliulaumu mtandao, akailaumu simu ya mdogo wake, akakaribia kumlaumu mdogo mwenyewe. Jioni karani akaja, akatazama, akacheka hadi akakaa chini. Ukurasa ulikuwa unazitafuta picha kwenye folda iliyo ndani ya kompyuta ya Mama Soli. Kwake zilionekana zote, kwa watu wengine hata moja.

"Yaani nimempa mteja boksi, viatu nimebaki navyo nyumbani!" anasema, na bado anajicheka.

Akaziweka picha folda moja na ukurasa, akasahihisha anwani zake, akapandisha vyote pamoja. Tangu hapo haamini kioo cha kompyuta yake mwenyewe. Kila akibadilisha kitu, anamwomba jirani afungue kwenye simu yake. "Kiatu hakijaribiwi na fundi, dada yangu. Kinajaribiwa na mwenye mguu."

Wiki iliyopita akasikia hodi. Nje alisimama mama mmoja, simu mkononi, akilinganisha picha na mlango. Alikuwa ametafuta mtandaoni viatu vya mguu mfupi. Nyuma yake alikuwa binti mwenye kiatu cha vitambaa.

"Nikajua ndio wale aliowasema mfagizi. Nikamvutia binti kigoda," Mama Soli anakumbuka.

Zile soli dirishani ni za binti huyo, na leo amekuja kuzichukua. Ameketi kwenye kigoda, anachungulia kompyuta. Mama Soli anagusa gundi kwa kidole, anaitikia kwa kichwa kuridhika, anaziunganisha na viatu, anagonga kwa nyundo. Anataka kuongeza ukurasa wa sauti kwa wasiojua kusoma. Na akihama tena, atabadilisha picha ya mlango na maelekezo tu.

"Shangazi," binti anauliza, "na mimi utaniweka humo?"

"Nitakuweka. Lakini sikupigi picha umekaa," anajibu, akimfunga kamba za viatu vyake vipya. "Haya, toka nje ukimbie nikuone."