Stika ya Lavonne

Ardis Tollefson alisajili vyombo vya majini kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuwahi kumiliki hata kasia. Nakumbuka vizuri kwa sababu kaunta yangu ilipakana na yake. Mimi niliuza vibali vya kuvua samaki. Yeye aliandikisha boti, mitumbwi na kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, za kaunti nzima, na huku kwetu Minnesota, ambako kila ukigeuka unaona ziwa, hiyo si kazi ndogo.

Watu walimpenda. Mzee akija hajui urefu wa kayaki yake, Ardis alichukua futi akatoka naye hadi kwenye maegesho, akaipima juu ya gari, theluji bado imerundikana pembeni. Namba iliyogongwa nyuma ya chombo ikiwa imefifia, aliipapasa kwa kidole mpaka aisome. Hakumrudisha mtu nyumbani kama angeweza kumsaidia.

Isipokuwa mdogo wake, Lavonne.

Walikuwa wawili tu. Mama yao alifariki mapema, kisha baba yao, mzee Einar, akapooza upande mmoja. Ardis hakuolewa. Alimlisha baba kwa kijiko, akamwogesha, akambadilisha mashuka, miaka kumi na moja. Lavonne aliolewa na Duane, daktari wa meno, wakahamia mbali. Kila Krismasi alikuja na jibini ya bei mbaya na picha za safari, akakaa siku tatu, akaondoka. Mzee alipokufa, Lavonne na mumewe wakarudi, wakajenga nyumba ufukweni mwa Ziwa Heron, yenye madirisha makubwa na gati lao wenyewe. Ardis alikwenda kuwasaidia kupaka rangi. "Hongera, mdogo wangu," alimwambia. Meno yalicheka, moyo ukasonya.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Lavonne akaingia ofisini amechangamka, karatasi mkononi.

"Dada, toka uje uione! Duane kaninunulia kayaki. Futi kumi na nne, nyekundu kama pilipili!"

Ardis hakunyanyuka. "Karatasi ya mauzo?"

"Hii hapa."

"Haina sahihi ya muuzaji."

"Si kuna muhuri wa duka, jamani?"

"Muhuri si sahihi, Lavonne. Ilete ikiwa imesainiwa."

"Da' Ardis, duka liko mwendo wa saa mbili!"

"Basi wahi kutoka."

Lavonne alicheka, akidhani anataniwa. Aliporudi juma la pili na sahihi ya muuzaji, Ardis aliweka kidole kwenye fomu. "Hapa kwenye namba ya chombo umeandika sifuri au herufi O?"

"Mimi najua? Chombo kiko nje, njoo utazame."

"Kazi yangu ni karatasi."

Asubuhi ileile nilikuwa nimemwona akitoka na futi yake kumpimia mtu mwingine mtumbwi. Niliona, nikajifanya napanga vibali vyangu. Mara ya tatu Lavonne alikuja mbio, kila kitu kimekamilika, na Ardis akaweka kibao cha kufunga juu ya kaunta.

"Zimebaki dakika mbili!" Lavonne akasema.

"Saa yangu imefika."

Mdogo mtu alipoondoka, nikashindwa kuvumilia. "Ardis, si ungempa hata karatasi ya muda? Angeingia majini leoleo huku akisubiri stika ya usajili ya kubandika chomboni."

Karatasi hizo zilikuwa rundo zima kwenye droo, karibu na goti lake.

"Hajaomba," akajibu.

Angeombaje kitu asichojua kuwa kipo?

Jumamosi moja mwezi wa sita, wazimamoto wa kujitolea waliuza pai za tufaha pale mahali pa kushushia boti, Ziwa Heron. Mimi na Ardis tulikwenda kuwasaidia kukata. Siku ilikuwa tulivu, maji hayana hata mkunjo. Katikati ya ziwa tukaiona ile nyekundu. Lavonne alikuwa amechoka kusubiri. Alipiga kasia taratibu, mgongo wima, na kayaki ikateleza kana kwamba maji yamepakwa mafuta. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya pai akasema, "Mtazame Lavonne, kama mbayuwayu!"

Nikamtazama Ardis. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa mpigo. Akaweka kisu chini, akamfuata Niemi, askari wa maji wa kaunti, aliyekuwa akikagua boti pale pale.

"Ile nyekundu haina stika," akamwambia.

Nilisikia kwa masikio yangu.

Niemi akamwita Lavonne kwa kipaza sauti, asogee ufukweni. Akasogea akitabasamu, maana Niemi alimjua.

"Usajili wako uko wapi, mama?"

"Bado. Unashughulikiwa."

"Karatasi ya muda?"

"Karatasi gani tena?"

"Na jaketi la kuokolea?"

"Liko nyumbani. Kwangu si pale ng'ambo tu?"

"Ziwa halijui kwako ni wapi," Niemi akasema, akaanza kuandika. Akamwamuru aitoe kayaki majini na asiirudishe mpaka iwe na stika.

Umati mzima ulikuwa umewageukia, uma za pai hewani. Hapo Lavonne akapandisha sauti, machozi yakimlenga. "Lakini anayesajili ni dada yangu mwenyewe! Nimekwenda mara tatu! Muulize!"

Niemi akageuka, akamtazama Ardis. Ardis aliinamia pai iliyokwisha kukatwa, akaikata tena. Lavonne aliibeba kayaki yake kuzunguka ziwa mpaka kwake kwa miguu, mke wa mchungaji akimshikia upande mmoja.

Nilimrudisha Ardis kwa gari langu mpaka mlangoni kwake. "Nilidhani nitacheka," akasema, akashuka.

Jumatatu alitoa ile stika kabla hajaketi. Kisha akaingia kwa mkuu wetu, akaeleza mwenyewe alichofanya; akatoka na barua ya onyo. Jioni akaniomba nimsindikize kwa Lavonne. Tulimkuta barazani. Hakutukaribisha kukaa.

"Mimi ndiye niliyemwambia Niemi," Ardis akaanza.

"Najua. Niemi ana mdomo mrefu kuliko kayaki."

"Na karatasi ya muda ningekupa siku ya kwanza. Nilikunyima."

Hilo Lavonne hakulijua. "Kwa nini, dada? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Unapata tu. Tangu tukiwa wadogo, wewe unapata. Mimi nimemwogesha baba miaka kumi na moja, wewe ukaja na jibini."

"Na nikija na jibini yangu, baba aliniita nani?" Lavonne akasimama. "Aliniita Ardis. Kila mwaka! Krismasi ya mwisho alinishika mkono, akanitazama machoni, akasema, 'Ardis, nifunikie miguu.' Nikamfunika. Jina langu lilikuwa limemtoka kichwani kabisa. Unadhani ni wewe peke yako uliyeumwa na wivu katika nyumba ile?"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Ungefurahi."

Ardis akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ningefurahi."

Nilidhani watakumbatiana. Hawakukumbatiana. Lavonne akanyoosha mkono, akaipokea stika. "Nitaibandika mwenyewe. Nendeni salama."

Ulipita mwezi bila wao kusalimiana. Kisha Ardis akajinunulia kayaki yake, ya kijani, imechubuka tumbo, uani kwa mtu aliyekuwa anahama. Futi tisa na nusu. Sheria yetu haidai usajili kwa kayaki isiyozidi futi kumi, na yeye aliipima mara mbili kabla ya kuichukua. "Nimechoka na stika," akaniambia. Jaketi alilivaa tangu kwenye gari, kamba zote zimekazwa, na filimbi shingoni.

Siku aliyoishusha Ziwa Heron nilimshikia mkia wa kayaki. Aliyumba, akapiga kasia kushoto tupu, akazunguka kama kuku aliyekanyagwa. Ng'ambo, mlango ukafunguliwa. Lavonne alisimama kwenye gati muda mrefu, mikono kiunoni. Halafu akaingia ndani ya nyekundu yake, akaja.

"Kasia umelishika kichwa chini!" akapiga kelele.

"Niache!"

"Geuza, dada! Hivyo unapapasa maji tu!"

Ardis akaligeuza. Wakaondoka pamoja, lakini haikuchukua muda ile ndefu ikatangulia, urefu wa mtu, urefu wa nyumba.

"Ningoje! Yako ndefu!"

"Si ungenunua ndefu!"

Nikauona uso wa Ardis akiitazama ile nyekundu ikimwacha. Ulikuwa uleule wa kaunta, mdomo umebanwa, macho hayapepesi. Akainama, akapiga kasia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.