Mashine ya Presha Iliyokuwa Nzima

Kile kitambaa cha mashine ya presha kinapobanduliwa mkononi, kwaa!, mimi hushtuka mpaka leo, na wenzangu wa wodini hunicheka. Mlio ule hunirudisha Kinampanda, sebuleni kwetu, Jumamosi moja mchana, nikiwa darasa la nne.

Mama alikuwa nesi wa zahanati, na kwa presha za watu alikuwa mkali kweli kweli. "Shikamoo babu, chumvi umeacha?" alikuwa akisema kwa pumzi moja. Yeye mwenyewe chai ya asubuhi aliinywa saa tisa alasiri, na mlenda wake aliutia chumvi mpaka Baba akaguna.

Kitambaa kile kikichakaa kwa mikono ya wagonjwa, alikileta nyumbani pamoja na mashine yake, akakifua na kukishona, kisha mimi nilimfunga nacho mkononi tujaribu kama kimepona. Siku hiyo namba ilisimama kwenye mia na tisini. Alishanifundisha kwamba ikizidi mia na arobaini, mgonjwa haondoki kabla daktari hajamwona.

"Bado kibovu," akasema, akashona tena. Mia na tisini na mbili. "Umefunga vibaya, mwanangu."

Baba akaingia kutoka shamba la alizeti, nikamfunga kwa mchezo. Mia na ishirini. Akatabasamu, akaenda kuoga.

Mama akaitia mashine mkobani. "Hilo la namba yangu liishie hapa hapa. Nitapima vizuri kazini." Sauti ilikuwa kali, nikadhani nimemuudhi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mtoto mtiifu, Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu baada ya siku ile alianguka zahanati akimpima mama mjamzito, na hakuamka tena. Msibani watu walisema ni ghafla mno, wala hakuwa na dalili. Mimi nilikaa mkekani na ile namba mdomoni, nikashindwa kuitema.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Aliwezaje kujua yote yale na asijitibu? Kisha nami nikawa nesi, nikaanza kuona nyuso za watu wanaposomewa majibu, jinsi wengine wanavyonifokea, jinsi wanavyotaka wapimwe upya. Ndipo nikamtambua. Mama hakukasirika siku ile. Aliogopa, aliogopa mno, na hakuna aliyemwona ila mimi. Nami, mtoto wa watu, siku ile ile nilimwomba msamaha kwa kutojua kupima.