Somo Aliloliacha Kaveke

Kwa miaka tisa Kaveke Musau, Mama Ian kwa waliomzoea, alizunguka Kibera na Kawangware akifundisha watu namna ya kujikinga na magonjwa, na kila kundi alijua kuliongelesha. Waendesha boda boda wa Kambi Muru aliwafundisha habari za kifua kikuu wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Hakuwaomba washuke, maana wangeondoka. Watoto wa shule kule Kabiro, karibu na alikopanga chumba, aliwapaka masizi viganjani, akawaambia wasalimiane, kisha wahesabu wenyewe wangapi wamechafuka. Wanawake wa Lindi, mtaa wa humohumo Kibera, walikutana naye Jumanne kwenye baraza ya Bakhita Fadlalla, mama Mnubi mwenye nyumba za kupangisha, ambaye hakuwa na maneno mengi lakini mkeka na chai havikukosekana kwake.

Watu walimwita daktari. Mwanzoni aliwakataza, baadaye akazoea.

Miongoni mwa wanawake wa Jumanne alikuwemo Nasipwondi, mpika chapati, mama wa watoto watatu. Siku Kaveke alipofundisha juu ya saratani ya mlango wa kizazi, Nasipwondi alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alitaka kujua kama ni kweli ukienda kupimwa wanakutoa kizazi. Kaveke alicheka, akamweleza tena taratibu: ugonjwa huu hutambaa kwa miaka, na dalili zake za mwanzo zikionekana, muuguzi anazigandisha kwa baridi ya gesi, dakika chache tu, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

"Ukiwahi, unapona," alimwambia.

Wiki iliyofuata alimsindikiza mwenyewe hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akaona doa jeupe, akasema limeonekana mapema. Kaveke alifurahi. Hili ndilo alilokuwa akilihubiri.

Ila mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Nasipwondi akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Alirudi, haikuwepo. Alirudi tena na tena, mara tano, na kila mara siku ilipita bila kupika chapati za kuuza. Mwishowe akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, akapewa tarehe ya miezi saba mbele. Tarehe ilipofika, wahudumu walikuwa kwenye mgomo. Basi akachoka. Hakuwa na maumivu, na watoto walitaka kula.

Kaveke naye alikuwa na wengine wa kupeleka. Fomu ya msimamizi wake, bwana Shivachi, ilikuwa na nafasi ya kuandika wanawake waliotumwa kupimwa. Nafasi ya waliotibiwa haikuwepo, na Kaveke hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mwaka na nusu baadaye Nasipwondi alianza kutokwa damu. Safari hii hospitali kubwa ilimpokea haraka, lakini ni kwa kumtuliza maumivu tu. Kaveke alikwenda kumwona chumbani kwake Lindi. Alimkuta amelazwa upande, uso umekwisha, mwanawe mkubwa, Mourine, akimkunjia nguo. Kaveke alimpa pole.

Nasipwondi alizungumza bila kupandisha sauti. "Mama Ian, kama singejua, ningekufa tu kama watu wengine. Sasa miaka miwili nimekuwa nikikufa nikijua."

Kisha akaomba maji ya kunywa, na Kaveke akamnywesha.

Walimzika kwao Bungoma mwezi wa nne.

Kaveke alipotoka matangani alikwenda kwa Shivachi, akamwomba waandike barua kuhusu gesi. Shivachi alimsikiliza vizuri, akamwambia vifaa si idara yao. Kazi yao ni kuwatuma watu. Jumanne ile wanawake kumi na wawili walikaa mkekani. Kaveke alifungua mabango yake yenye picha, na kabla hajaanza Bakhita akamuuliza kutoka mlangoni, "Gesi iko?"

"Haiko," Kaveke alijibu.

Hakuna aliyemlaumu. Walikunywa chai, wakakusanya leso zao, wakaenda.

Tangu hapo alimpigia muuguzi simu kila Jumatatu. Akiambiwa gesi hakuna, alifundisha mengine: kutibu maji, kupima presha, kunyonyesha. Lile somo aliliacha. Miezi minne hakutuma mwanamke hata mmoja. Shivachi alimwita, akamwambia anawavunja wanawake moyo. Walipokuja wageni waliofadhili mradi, wakauliza mbona Lindi iko nyuma, Kaveke alisimama akawaeleza yote, pamoja na jina la marehemu. Wageni waliandika. Mwisho wa mwezi huohuo alinyang'anywa mkoba wa kazi, mashine ya presha na fulana ya reflekta, na jina lake likatolewa kwenye orodha ya wahudumu wa afya ya jamii. Akaanza kuwafulia nguo matajiri wa Lavington.

Mwezi wa kumi na moja muuguzi alimpigia simu. Mtungi ulikuwa umejazwa, tena akaongezewa wa pili, na hakuna aliyekuja. Kaveke aliacha nguo za watu zimelowekwa, akaenda Lindi akabisha mlango kwa mlango. Walimkaribisha kwa heshima. Adhis, jirani wa marehemu, ndiye aliyemwambia waziwazi: "Wewe ndiye ulituambia haiko. Sasa tukuamini lini?"

Kaveke alisema ukweli wa siku ile ulikuwa ule, na wa leo ni huu. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaona jinsi yalivyo mepesi.

Bakhita alikuwa amekaa kibarazani kwake. Alimwambia, "Nenda ukapimwe wewe kwanza."

Alikwenda. Ilikuwa miaka minne tangu apimwe, yeye aliyewatuma wengine wakapimwe. Alilala kitandani, akatazama dari, akaambiwa yuko salama, akavaa. Muuguzi alimuuliza wenzake wako wapi.

"Watakuja," Kaveke alisema.

Alikaa kwenye benchi la nje hadi saa kumi, kituo kilipofungwa. Hakuja mtu.