Cheti cha Pua

Mpaka leo nikiona neno la Kiingereza linaloanza na rhino, nakasirika kabla sijalisoma hadi mwisho. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili niliyapenda sana maneno hayo, na niliyatumia vibaya kwa mzee mmoja ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Ilikuwa miaka ya thelathini. Nilikuwa nimehitimu mafunzo ya udresa, yaani usaidizi wa daktari, katika hospitali ya misheni kwetu upande wa ziwani, nikapelekwa kwenye zahanati ya shamba la chai huku Kericho: chumba kimoja cha mabati, meza, na chupa kumi na mbili. Katika sanduku langu mlikuwa na daftari la maneno ya utabibu na asili zake. Ukurasa wa pua nilikuwa nimeuhifadhi wote. Wagiriki wa kale waliita pua rhis, na kutoka hapo Waingereza wakapata rhinitis, pua iliyovimba ndani; rhinorrhoea, pua inayotiririka; rhinoplasty, pua inayotengenezwa upya kwa kisu. Hata kifaru wanamwita rhinoceros, yaani mwenye pembe puani. Niliyarudia maneno hayo nikitembea, nikiogopa kwamba nikisahau hata moja watu watajua sikustahili kuhitimu.

Shamba lilikuwa na sheria yake. Mfanyakazi akiugua, alipeleka kwa msimamizi wake cheti cha dresa chenye jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Kuandika kwamba mtu ni mgonjwa hakukutosha tena, kwa sababu dresa aliyenitangulia aliwaandikia hivyo wote, hata waliokuwa wamekwenda harusini Merigi.

Asubuhi moja akaja mzee wa Kipsigis aliyefanya kazi kiwandani. Kazi yake ilikuwa kunusa. Majani yakishasagwa hutandazwa sakafuni yageuke rangi, naye alipiga magoti, akaweka pua karibu, akangoja harufu ya nyasi iondoke na nyingine tamu iingie. Akiinua mkono, majani yanapelekwa kwenye moto. Akikosea kidogo, chai ya siku nzima imeharibika.

Alifunga mlango kabla ya kusema.

"Daktari, pua yangu imekufa."

"Tangu lini, mzee?"

"Mama watoto alinipa mursik, maziwa yetu ya kuganda yenye harufu ya moshi, nikamuuliza kwa nini leo ananipa maziwa ya mtoto. Akafikiri namtukana." Hakucheka. "Nipe dawa na siku mbili za kulala. Lakini kwa cheti andika tumbo."

"Siwezi kuandika tumbo. Tumbo lako ni zima."

"Nani ataangalia tumbo yangu? Bwana wa kiwanda akisikia ni pua, kuna kijana wa Kisii anangoja hii nafasi kama paka. Mimi nitarudi shambani na kikapu mgongoni. Na huu mgongo unauona."

Niliuona. Mtu mwingine angeandika tumbo akaendelea na kazi. Mimi nilianza kufikiri. Nikiandika tumbo, je, wataulizia vyoo? Wakikagua vyoo na kukuta ni safi, je, hawatasema dresa ni mwongo? Na je, uongo mdogo kwenye cheti si uongo mbele za Mungu? Ndipo nikaona njia ambayo mpaka leo inanitia aibu. Niliandika Rhinitis, kwa herufi nzuri. Ilikuwa kweli tupu, na nilikuwa na hakika hakuna mtu kiwandani angeielewa. Nikampa majani ya mkaratusi ajifukize, nikajiona nina akili.

Siku iliyofuata mke wake alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye daktari ya vitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Umemwandikia mzee wangu ugonjwa gani? Askari amekuja kufukiza blanketi zetu. Majirani wameondoa watoto. Bwana amesema asikanyage kiwanda mpaka daktari mkubwa aje kutoka mjini."

Daktari mkubwa alikuwa amepita juzi tu, na hangerudi kabla ya wiki mbili. Nikaelewa. Bwana wa kiwanda, Mzungu mwenyewe, hakulijua lile neno na hakutaka karani wake aone hivyo, kwa hiyo akaamua ni ugonjwa wa kuambukiza. Kijana wa Kisii alikuwa tayari amepiga magoti sakafuni.

"Ungeandika mafua tu," mama alisema. "Sisi wote tunapata mafua."

Nilikwenda kiwandani nikifanya mazoezi ya hotuba. Nilikusudia kusema kwamba ugonjwa hauambukizi, basi. Lakini bwana aliniuliza, "Hii neno ni nini?" nami, kwa woga, nikamweleza yote: Wagiriki, uvimbe, mpaka kifaru. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni pua," akasema.

Siri niliyopewa kuificha nilikuwa nimeikabidhi mwenyewe, pamoja na maelezo.

Akatuma mzee aitwe. Mzee alipoingia aliniangalia mara moja tu, akajua.

"Wewe hapana nusa?" bwana akamuuliza.

"Hapana, bwana."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Bwana alikuwa ameonja chai ya kila siku aliyofanya kazi mzee kati ya hizo, kijiko baada ya kijiko, na hakuona kosa. Akauliza majani yalitolewaje.

Mzee hakutaka kujibu. Mwishowe akageuza kiganja. "Majani yanapata joto, bwana. Joto inapanda, inasimama. Ikianza kushuka, natoa. Nashika na mgongo ya mkono. Nilianza zamani, pua ikiwa bado nzuri, na sijafundisha mtu."

"Rudi kazini," bwana akasema. "Na yule mwingine, fundisha yeye hii."

Tulitoka pamoja. Nilimwambia nimefurahi amebaki na kazi, na kwamba nilitaka kusema kweli bila kumdhuru. Alitembea mpaka kwenye rundo la kuni kabla ya kunijibu.

"Daktari, wewe ulisoma sana?"

"Nilisoma, mzee."

"Basi pumzika."

Akaingia ndani. Nilichungulia dirishani. Kijana wa Kisii alikuwa amekunja mikono ya shati, anatabasamu. Mzee alipiga magoti kando yake taratibu, mkono mmoja kwenye mgongo wake mbovu, akamshika kijana kifundo cha mkono na kuulaza mgongo wa mkono wake juu ya majani. Uso wake aliugeuzia ukutani.