Wimbo wa Ukai

Baridi ilikuwa inaelekea ukingoni Matsuyama, mji wa Japani, lakini wapenzi wa besiboli walikuwa bado wanachemka. Timu yao, Korongo, ilikuwa imemaliza msimu ikiburura mkia, na kama hiyo haitoshi, Hanazato, mpigaji wao hodari, alikwenda zake Tokyo kwenye timu yenye fedha. Wakubwa wa klabu wakakaa, wakafikiri, kisha wakatangaza kwamba nafasi yake ataishika Ukai. Ukai! Yule yule aliyeachia mpira ukampita katikati ya miguu siku ya mwisho, wageni wakaondoka na ushindi huku yeye akizunguka kuutafuta.

Hasira hizo zote zilipelekwa kwa Tomie, kwa sababu Tomie alikuwa kinyozi, na mtu akikalia kiti cha kinyozi ulimi humlegea. Isitoshe, mama huyu mjane ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kundi la washangiliaji, na ndiye aliyetunga nyimbo za wachezaji. Maana huko kila mchezaji anayeheshimika ana wimbo wake, na jukwaa zima huuimba anapotoka na gongo lake kwenda kupiga. Asiye na wimbo huimbiwa ule wa wote, kama mgeni anayepewa ndara za mlangoni. Ukai alikuwa amevaa ndara hizo misimu minne.

Alhamisi moja kiti kilikaliwa na Beppu, muuza tambi, kiongozi wa kundi na mpiga ngoma wake. Tomie alimpaka povu kidevuni, akasubiri ajilaze vizuri.

"Mkuu, nimemtungia Ukai wimbo."

"Mshonee kwanza suruali isiyopitisha mpira."

"Sitanii."

"Wala mimi. Jana tumekubaliana wote, ila wewe hukuja. Jumapili, mechi ya kwanza ya maandalizi, akitoka Ukai tunakaa kimya. Kimya kama makaburini! Wakubwa wa klabu waujue uchungu wetu."

"Wakubwa wamekaa nyuma ya vioo wanakunywa kahawa. Atakayeusikia ukimya huo ni yeye peke yake."

"Ausikie!"

"Yaliyopita si ndwele, Mkuu."

"Ndwele ninayo mimi, Dada. Tangu siku ile sijalala vizuri."

Tomie akaushusha wembe. "Siku ile nyinyi mliondoka mkitukana. Mimi nilibaki nakunja bendera. Wachezaji walikuja mbele ya jukwaa, wakainama kama ilivyo desturi, wakaenda zao. Yeye akabaki ameinama mbele ya viti vitupu. Nilikuwa na tarumbeta, Mkuu. Sikumpulizia hata pumzi moja, na mpaka leo naona aibu."

Beppu aliangalia dari, povu likimkaukia. Kisha akasema, "Sheria unaijua. Tarumbeta haitangulii ngoma. Ukipuliza bila mimi, vua koti la kundi unikabidhi."

"Unanitisha nimekushikia wembe?"

"Si unaona nasema kwa upole?"

Alicheka, lakini hakulegeza msimamo, na Tomie alimjua. Tangu mumewe afariki, kundi lile ndilo lililokuwa ndugu zake. Ndio waliomletea uji alipougua, ndio waliomwekea machungwa mlangoni kila msimu wa mavuno. Kuvua koti lile kungekuwa kujifukuza nyumbani.

Jumapili uwanja ulijaa watu waliokuja kulalamika kwa pamoja. Wachezaji wa kwanza waliimbiwa nyimbo zao, ngoma ikivuma, watu wakiruka. Kisha kipaza sauti kikalitaja jina la Ukai, na jukwaa likazimika. Mpaka muuza bia alishusha sauti. Ukai alitazama juu mara moja, akarudisha macho chini, akachimba mchanga kwa kiatu.

Tomie hakuweza kuvumilia. Alisimama, akapuliza.

Sauti ya kwanza ilipasuka kwa baridi, nyingine zikanyooka. Watu wakageuka.

"Dada, kaa chini, unatuaibisha!" mmoja akapayuka.

"Hata ngoma hujaisubiri!" akadakia mwingine.

Alimaliza wimbo, akaurudia. Na kwa kuwa hakuna aliyejua maneno, akaishusha tarumbeta akaimba mwenyewe kwa sauti yake ya kukwaruza: "Ukai, simama, mpira uliopita umepita, huu unaokuja ni wako!" Wala hakukaa.

Ningependa kusema Ukai aliupeleka mpira nje ya uwanja. Aliupiga juu kama chapati, mlinzi wa wapinzani akaudaka bila hata kukimbia, na zamu ya Ukai ikaishia hapo. Ila alipokuwa anarudi, alisimama mbele ya jukwaa, akavua kofia yake ngumu, akainama. Safari hii viti vilikuwa na watu, na hakuna aliyezomea.

Tomie akavua koti. Akashuka ngazi mpaka kwa Beppu, akamnyooshea kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi. Beppu hakulitazama lile koti. Alikuwa amekunja uso akinung'unika jambo puani.

"Umeanza juu mno," alisema.

"Nini?"

"Wimbo. Umeanza juu mno, sisi wanaume hatufiki pale. Akitoka tena, shusha kidogo, na unisubiri nianze na ngoma. Vaa hilo koti bwana, kuna baridi. Haya, nani atawafundisha hawa maneno, mimi?"

Tomie alilivaa akikosea mikono. Akaligeukia jukwaa, akawapa mstari wa kwanza. Wachache waliitikia kwa kinyongo, kisha wengi, kisha karibu wote, na aliyekosea maneno kwa sauti kubwa kuliko watu wote alikuwa Beppu.