Kikinga Jua cha Mama Mkwe

Nikikutana na mtu wa Ziwani mpaka leo huwa najifanya nafunga kamba za viatu, hata kama nimevaa kandambili, maana najua atakachoniuliza, na najua ataniuliza huku anacheka, na ubaya wenyewe ni kwamba yote atakayosema ni kweli. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kutia chumvi (ingawa mkasa huu hauna hata mahali pa kutia chumvi, ulikuja umeshakolea).

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Miaka mingi alikuwa anaishi ndani ya ukungu, anawajua wajukuu zake kwa sauti na kwa kuwapapasa vichwa, na baada ya operesheni akakaa kwetu Likombe apate nafuu. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, kwa sababu kwetu mkwe ni mkwe: hatuli sinia moja, sikai alipokaa, nikimwamkia nachuchumaa pembeni nikitazama chini, na yeye akiwa na shida na mimi anamwambia mke wangu Zuhura, "Mwulize baba watoto," hata kama baba watoto mwenyewe nimekaa palepale nasikia kila kitu. Ukiacha "marahaba", sikumbuki kama aliwahi kuniambia neno bila kumpitisha mtu katikati. Lakini nampenda mno yule mama. Ndiye aliyewaambia ndugu zake wanipe binti yao wakati sina kazi wala godoro.

Sasa, siku ya kumrudisha kwao Ziwani ilipofika, kaka yake, Mjomba Athumani, alikuwa ameandaa dua ya shukrani kwa kuona kwake, na daktari alikuwa ameshasema jicho lisipigwe na jua. Gari langu mnalijua, ni la zamani, limeshabeba korosho, mbuzi na bwana harusi mmoja, na kikinga jua cha upande wa abiria (kile kibao laini cha juu ya kioo cha mbele unachokishusha jua likikuchoma usoni) kilikuwa kimechoka kabisa, kitambaa kimechanika, sponji imeoza inadondosha unga wa njano, ukikishusha kinaning'inia kama sikio la mbuzi. Na mama lazima akae mbele, akikaa nyuma anatapika. Fundi wa viti vya magari yupo, tena si mbali, lakini mimi ni mtu wa "hii mbona kazi ndogo".

Nikakitoa kile kikinga, nikabandua kitambaa cha zamani, nikakata sponji kwenye godoro bovu, nikapaka gundi ya viatu, kikabaki kitambaa cha kuvalisha. Zuhura alikuwa ametoka. Nikaingia stoo, nikakuta juu ya magunia kuna furushi, ndani yake bafta nyeupe safi, nzito, imekunjwa vizuri, nikajua ni vile vitambaa vyake vya kushonea mapazia ambavyo havijawahi kuwa mapazia. Nikakata kipande pembeni (nilikata pembeni ili nisiharibu, naomba hilo lihesabiwe upande wangu). Siku hiyo nilikuwa na mafua makali, pua imeziba, hata gundi yenyewe sikuisikia harufu. Nikavuta, nikabandika, nikapiga pini kwa ndani, nikakirudisha mahali pake. Jamani, kilipendeza! Nilikaa kwenye gari peke yangu nikawa nakishusha na kukipandisha kama mtoto.

Tukaondoka. Mama mbele na miwani yake myeusi, ukingo wa kanga ameuvuta upande wangu tusionane, Zuhura nyuma, mizigo kwenye buti. Vioo tulivifunga vyote kwa ajili ya vumbi na lile jicho. Jua lilipotukabili nikanyoosha mkono nikamshushia kikinga jua chake kipya, mama akatulia, kisha akasema, "Zuhura, mwambie baba watoto kivuli kimenifika, Mungu amlipe." Niliendesha nimevimba kichwa.

Jua likaanza kukichoma kile kitambaa. Mara mama akawa anavuta pumzi kidogokidogo. "Zuhura, unasikia harufu?" Zuhura akasema kwa sauti ndogo, "Naisikia, mama." Nikauliza harufu gani, mbona mimi sisikii? Ilikuwa harufu ya karafuu maiti, ambayo mtu wa kwetu akiisikia hafikirii kitu kingine isipokuwa maiti inayoandaliwa, na ndani ya gari lile lililofungwa vioo ilikuwa inazidi kadiri tunavyokwenda.

"Basi imefika," akasema mama, kwa utulivu ulionitisha kuliko kama angelia. "Nilionyeshwa dunia kidogo tu, nimewaona wajukuu, sasa naitwa." Akaanza kutamka shahada polepole. Zuhura machozi yanamtoka, akachukua simu akampigia Mjomba Athumani, "Mjomba, mama anatuaga, tuko njiani." Mimi nikakanyaga mafuta (gari lile likikanyagwa linapiga kelele zaidi, mwendo ni uleule), huku nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa na nyingine nusunusu.

Tulipofika Ziwani shughuli ya shukrani ilikuwa imeshageuka msiba. Masufuria ya pilau yametelekezwa, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, imeachwa inapoa, kinamama wamekaa chini kwenye jamvi wameshika vichwa, na majembe ya kuchimbia kaburi yameshaegemezwa ukutani, sijui nani alikuwa na haraka kiasi kile. Gari liliposimama kilio kikapaa. Mlango ukafunguka, Bi Somoe akashuka kwa miguu yake, akajifunga kanga vizuri, akawatazama wote, akauliza, "Nani amekufa?"

Mjomba Athumani akakohoa. "Tuliambiwa wewe."

Hapo ndipo alipojitokeza Bi Mwanahawa, ambaye ndiye huosha maiti wa kike pale kijijini, na harufu ile ni kazi yake. Akanusa, akasogea mpaka kwenye gari, akaingiza kichwa mlangoni. "Inatoka humu." Akakishika kikinga jua changu kizuri, akakinusa, akamwita mama. Mama akavua miwani (daktari asingefurahi), akakisogelea kile kitambaa, na lile jicho jipya likauona uzi wa buluu uliopita ukingoni.

"Hii ni sanda yangu," akasema.

Kumbe lile furushi la stoo halikuwa la Zuhura, lilikuwa la mama. Marehemu mumewe alinunua jora moja, wakalikata vipande viwili, nusu yake, nusu ya mkewe, na kila mmoja akaifukiza na kuitia karafuu maiti akaweka. Mume ameshazikwa na nusu yake. Mama anatembea na yake kila aendako, kwa sababu mtu hajui ataitwa akiwa wapi, na asubuhi ile Zuhura alilitia furushi kwenye buti bila kulifungua.

"Nani ameikata?"

"Ni mimi, mama," nikasema, nikakaa chini palepale mchangani na suruali yangu ya kaki. Vijana wakaanza kucheka, kicheko kikasambaa hadi kwa wazee. Mjomba Athumani akatikisa kichwa, akaniita kama tunavyoitana wanaume wa kwetu: "Njomba, mkweo yuko hai unamchanachana sanda? Ulitaka kumpunguzia nini?" Ningeweza kuivumilia ile aibu, lakini nilimwona mama anakipapasa kile kipande kwa kidole, akasema taratibu, "Nilitaka nimfuate na nguo moja." Nikalia, jamani, mtu mzima, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, na mafua juu yake.

Bi Mwanahawa akaagiza furushi liletwe. Akaitandaza sanda kwenye jamvi, akamsimamisha mama kando yake, akaanza kumpima kwa shibiri toka utosini hadi nyayoni, mtu mzima yuko hai anapimwa sanda yake na wafiwa wake wamemzunguka. Wanaume tuligeukia ukutani. Nilikuwa naitazama ile mipini ya majembe na kuomba, si msamaha, naomba tu kitambaa kitoshe.

"Inatosha," sauti ya Bi Mwanahawa ikasema. "Tena inabaki. Iliponunuliwa ulikuwa na mwili, Somoe. Sasa umepungua."

Mama akacheka, kicheko kirefu, mpaka kinamama waliokuwa wanamlilia wakacheka naye. Kisha nikasikia hatua nyuma yangu. "Mkwe wangu, nigeukie." Nikatafuta Zuhura yuko wapi apokee hayo maneno, lakini hayakuwa yake. Nikageuka, macho chini. "Nitazame. Nimewaona wote mpaka kuku, wewe tu bado sijakuona." Nikainua uso. Akanitazama bila haraka, akasema, "Kumbe una mvi! Mimi siku zote nakuwaza kijana."

Nilitaka kukibandua kile kitambaa, akakataa, akasema ataendelea kupanda gari hili na jua bado lipo. Mimi nimeapa: gari likiharibika hata skrubu moja linakwenda kwa fundi, na kitambaa cheupe ndani ya nyumba yangu sikigusi, hata cha kufutia vyombo, bila kuuliza ni cha nani. Na siku hizi Bi Somoe akitaka kuja mjini hampigii Zuhura, ananipigia mimi mwenyewe, na simu hiyo, nawaambieni kweli, naipokea nikiwa nimesimama.