Bustani Nyuma ya Mgongo

Enzi hizo, kabla picha hazijapata rangi, mtaa mzima ule ulikuwa wa wapiga picha. Ukitoka kwa fundi viatu mpaka kwenye kinu cha kusaga, kila mlango ulikuwa na dirisha la kioo, na kila kioo kilikuwa na maharusi walionuna. Mpita njia alivutwa huku, akavutwa kule, na kama hana msimamo alijikuta amekaa mbele ya kamera ilhali alitumwa chumvi.

Studio ya Mama Pazia na mumewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango uliokwaruza sakafu. Ndani palikuwa na benchi, kioo, kopo la poda, kitana kilichofungwa uzi ukutani kisije kikaondoka na mteja, na koti jeusi ambalo nusu ya wanaume wa mtaa walipigiwa picha wakiwa wamelivaa. Koti lile halikuwa na kishikizo hata kimoja, basi kila aliyelivaa aliweka mkono tumboni kulishikilia. Wajukuu wao leo wakiziona picha hizo wanasema wazee walikuwa na maringo.

Mume alipiga picha. Mke alichora mapazia ya kutundika nyuma ya wateja, na jina lake likatokea hapo. Uchoraji alifundishwa na baba yake, mwandika vibao vya maduka, aliyemwachia brashi zake na ukaidi wake. Alichukua kitambaa kizito cha pamba, akakipaka uji wa wanga, akakianika mpaka kikakakamaa, kisha ndiyo akaanza. Wachoraji wengine wa mtaa walitumia nyeupe, nyeusi na jivu, basi, maana kamera haikutoa zaidi ya hapo. Mama Pazia alichora bustani ya kijani, yenye waridi jekundu na maji ya samawati yanayopotelea mbali. Akichora aliimba, na akiimba hakusikia sufuria ikiungua.

Mumewe alikuwa akimtazama akikoroga ile samawati ya bei kali, roho inamuuma.

"Mke wangu, kamera haioni rangi. Ni kipofu."

"Kamera ni kipofu," alijibu bila kugeuka. "Mimi macho ninayo."

Soko lilipozidi kufurika, wateja wakawa wa kugombaniwa, na watu wakataka kitu kimoja tu: ngazi za ghorofa na ndege angani, ili aonekane amesafiri mtu ambaye hajavuka hata daraja la mtoni. Aliyenufaika zaidi ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye studio kubwa, ambaye kwa wingi wa balbu zake watu walimwita Bwana Taa. Huyo alikuja na maneno matamu, akamwomba Mama Pazia amchoree pazia la ndege. La jivu, la haraka.

Alichora. Wengine wakaliona, wakaagiza. Ikawa ndege asubuhi, ndege jioni, mpaka mkono ukazichora wenyewe huku yeye akiwaza mengine. Tusidanganyane, nyumba ilinawiri. Paa lililovuja likaezekwa upya, watoto wakavaa viatu vya ngozi, na mume akaanza kutembea kifua mbele. Bustani ilipochakaa waliikunja, wakatundika ndege kama wenzao. Mama mkwe, aliyeishi chumba cha nyuma na kusikia kila kitu, ndiye aliyeuliza mbona siku hizi nyumba iko kimya, mkwe wake anaumwa nini.

Ndipo Bwana Taa akarudi na shauri kubwa. Alitaka Mama Pazia achore kwake tu, kwa mshahara wa kila mwezi, ndege na ngazi, na brashi zisiguse pazia jingine popote, hata la mumewe. Mume alisema hamlazimishi, lakini alilisema akiangalia paa jipya. Waliahidi kumpa jibu siku ya pili.

Asubuhi yake aliingia bibi mmoja mjane, muuza mkaa, ambaye kila mwaka alikuja kupigwa picha, safari hii na binti yake. Alijipaka poda, akajiweka sawa kanga, akageukia mahali pa kukaa. Akasimama.

"Ile bustani mmeipeleka wapi?"

Mume alimweleza kwamba siku hizi mtindo ni ndege. Binti naye akamkumbusha mama yake kuwa bustani au ndege, picha itatoka jivu vilevile.

"Picha ni yenu nyie watoto," alisema yule bibi. "Mimi huwa nakuja kukaa bustanini. Mwaka mzima naona mkaa."

Akatoka, binti nyuma yake akiomba radhi kwa wote wawili.

Mama Pazia aliiweka brashi chini. Alivuka barabara na mikono yake mitupu, akamwambia Bwana Taa ahsante, lakini atafute mtu mwingine, na mtu huyo alipatikana kabla ya adhuhuri, maana wachoraji wa ndege walikuwa wamejaa tele. Mume alinuna wiki nzima. Hata chai aliitia sukari mwenyewe. Na mke hakuwa mjinga. Kazi za jivu za wengine aliendelea nazo, watoto wanakula. Ila alipozimaliza alitandaza kitambaa chake sakafuni, akakoroga kijani, na mama mkwe akalalamika kwamba kelele zimeanza tena.

Bustani mpya ilipokauka alimpelekea salamu mjane. Alikuja peke yake, mkaa umo bado kwenye kucha. Alikaa kwenye kigoda, si kwa kuipa kamera uso bali kwa kuipa mgongo, akaitazama bustani kutoka pembe hii mpaka ile. Nje wateja wawili walikuwa wakingoja, na mmoja alishaanza kuchungulia kwa Bwana Taa. Mume, kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, aliuliza kwa adabu:

"Tayari, bibi?"

"Bado, mwanangu."

Mume alitoa kichwa. Alimtazama mkewe, akauangalia mlango, kisha akaenda kuwaomba wale wawili wasogee kwenye benchi wakae.